Anzeni na aliyekufa: barua ya wazi kwa wapelelezi wa kujitegemea wa Mombasa

Wanangu,

Asalaam alaikum, na kwa wasiokuwa Waislamu, hamjambo nyote.

Nawaandikia nyinyi mnaofanya upelelezi wa kujitegemea humu mjini, wenye ofisi Moi Avenue na wale ambao ofisi yao ni simu na pikipiki. Wengi tunajuana kwa sura. Nyinyi mnakuja mochari ya Hospitali Kuu ya Pwani kuulizia watu, nami naja kuchukua maiti za kuosha, basi twasalimiana pale mlangoni na kila mtu anashika shughuli yake. Najua riziki yenu hutoka wapi: kumwandama mume wa mtu hadi Nyali, kuchunguza madai ya bima, kutafuta mzigo uliotoka bandarini salama ukayeyuka kabla ya kufika Mariakani. Ni kazi ya halali, siibezi.

Ila mwenzenu mmoja ameyaacha hayo yote. Anamfuata mtu anayeamini kuwa anaua mateja na chokoraa, mmoja baada ya mwingine, kati ya Mwembe Tayari na Likoni. Jina lake silitaji, mnamjua. Baadhi yenu mmeanza kumsaidia kwa kumwonea uchungu, na baadhi, tusifichane, kwa kutaka sifa. Kama muuaji huyo yuko au hayuko, hilo ndilo la kuthibitishwa, nami naona mmelianza kwa mkiani.

Alinijia barazani baada ya alasiri, akanifungulia daftari lake. Ndani yake mna nambari ya tuktuk. Mna saa ambazo mtu fulani hutoka kwake na saa anazorudi, picha za mbali, hata rangi ya viatu. Kurasa na kurasa. Nikamuuliza, marehemu wa kwanza aliitwa nani? "Yule teja wa Mwembe Tayari." Wa pili? "Yule mtoto wa gundi." Wa tatu alikuwa "yule mama aliyekuwa akilala karibu na feri". Hakuna jina, hakuna siku walipoonekana mwisho, hakuna nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, ya hata mmoja. Mshukiwa wake anamjua kuanzia kofia hadi kandambili, na watu anaosema anawatetea hawajui.

Anayeua wanyonge huwachagua kwa sababu hakuna anayewahesabu. Kila siku moja inayopita bila mtu kuuliza "fulani yuko wapi" ni siku aliyopewa bure. Julai 2024, kule Kware, Nairobi, magunia yenye miili ya wanawake yalitolewa kwenye timbo lililojaa maji na taka, na kituo cha polisi kiko pale pale karibu. Polisi wakasema mshukiwa amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022. Miili iliyopatikana haikufikia hesabu hiyo. Wakili wake akasema aliteswa. Agosti akatoroka seli ya kituo cha Gigiri. Sasa niambieni, hao 42 ni kina nani? Kesi yenye orodha ya waliopotea husimama hata mshukiwa akikana maneno yake, hata akitoroka. Kesi iliyosimama juu ya mdomo wa mtu mmoja huondoka naye.

Kwa hiyo fungeni hilo daftari la mshukiwa, mfungue la waliopotea.

Mtauliza mtawapata vipi watu wasio na anwani. Wana wanaowajua, ila hao hamjawauliza. Teja haendi kituoni kumripoti teja mwenzake, anaogopa kubaki huko ndani. Lakini wanaotumia methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye heroini, hunywa dozi yao kila siku, mbele ya mhudumu. Asiyefika leo, waliosimama naye foleni jana watajua kabla ya adhuhuri. Msimsumbue mhudumu awape rejista. Ni siri ya wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wake. Kaeni nje na walio foleni, mnunue chai, msikilize. Muulizeni mama wa mahamri ambaye chokoraa humwekea akiba ya shilingi kumi kumi. Waulizeni wanaopokea sadaka milangoni mwa misikiti siku ya Ijumaa, na wapagazi wa Kongowea, na walinzi wa usiku wa maduka. Hao ndio ndugu wa watu hawa. Jina la utani liandikeni, ni jina. Andikeni jino lililong'oka, kovu, mchoro wa mkononi, alivaa nini, alikuwa na nani.

Kisha mwende kituoni kuripoti. Hakuna sheria inayosema mtu aliyepotea asiripotiwe mpaka zipite saa 24. Saa 24 za kwenye Katiba ni za mtu aliyekamatwa, afikishwe mahakamani. Mtu akikwambia rudi kesho, mwombe kwa adabu akuandikie hapo hapo, na usiondoke bila nambari ya OB. Ikiwa shahidi anaogopa kituo, na hapa Pwani tunajua kwa nini kijana huogopa kituo, mpelekeni kwanza kwa mashirika ya haki za binadamu, MUHURI au HAKI Africa, aende polisi akiwa na mtu ubavuni.

Haraka hiyo ninaisisitiza kwa sababu ya ninayoyaona mochari. Maiti isiyotambulika huchukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa na za waliosajiliwa kitambulisho. Mtoto wa mtaani hakuwahi kusajiliwa popote, vidole vyake havisemi kitu. Inabaki DNA, nayo yataka ndugu wa damu atoe mate yake ilinganishwe. Mmeona Shakahola, ule msitu wa Kilifi walikozikwa waumini waliofungishwa hadi kufa: miili ilianza kufukuliwa Aprili 2023, ikapita 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024, karibu mwaka mzima, na wengine walisubiri zaidi. Hao walikuwa na jamaa waliopiga kambi Malindi wakidai. Asiye na wa kumdai hutangazwa gazetini, mara nyingi watu hupewa siku 7, halafu hospitali huomba idhini ya kumzika. Akishaingia kaburi la pamoja, na ushahidi umeingia naye.

Niwaambie na la upande wetu, kwa kuwa hili nalijua kwa mikono yangu. Mwosha hufundishwa kusitiri. Ukiona aibu kwenye mwili wa maiti, unaifunika na unakwenda nayo kaburini kwako. Unaanza kwa kusafisha chini ya kitambaa bila kutazama, unamtawadhisha, unaosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, maji ya mwisho yana kafuri. Ni kazi ya ukimya. Lakini alama ya kamba shingoni si aibu ya maiti, ni dhuluma aliyofanyiwa, na dhuluma haisitiriwi. Aliwahi kuletwa kijana, ikasemwa amezama. Nilipomgeuza niliona mistari miwili kwenye viwiko, ngozi imechubuka sawasawa kote kuwili. Niliweka kata chini nikakataa kuendelea. Wenyewe walikasirika, jeneza lilikuwa limeshafika na watu wanasubiri sala. Nikawaambia sala haina haraka ya kupita daktari. Akapasuliwa, ripoti ikaandikwa, na kwa bahati, hiyo ripoti ndiyo iliyosimama mahakamani.

Sisi Waislamu tunazika siku hiyo hiyo, na ni vyema. Ila kufukua baadaye kwataka amri ya mahakama, na udongo wa Kikowani una unyevu, hauhifadhi mengi. Basi mkisikia kifo kina wasiwasi, mjulisheni mwosha kabla ya maji kumwagwa. Wengi wetu namba zetu ziko misikitini. Maji yakishapita juu ya mwili, mmeosha na kilichokuwa chini ya kucha.

Sasa huyo mshukiwa wenu. Sheria inamruhusu raia yeyote kumshika mtu anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo mpaka wenu. Nimesikia mmoja wenu akisema, "Tumweke chumba kimoja usiku mmoja, atasema." Atasema, ndiyo. Hata mimi mkinifungia na kunipiga nitasema nimeua. Na maneno hayo hayatapita mlango wa mahakama: ungamo hutolewa mbele ya hakimu au jaji, au afisa wa polisi mwenye cheo asiyeichunguza kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe akiwepo. Mtakuwa mmempa wakili wake zawadi.

Wala msilitoe jina lake mtaani, wala picha yake msiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Mnakumbuka yule Masten Wanjala, aliyekamatwa Julai 2021 akisemekana kuua watoto zaidi ya kumi. Oktoba alitoroka kituoni Nairobi, wanakijiji wakamkuta Bungoma wakamuua. Watu walishangilia. Lakini wazazi wa watoto wale hawakupata kuketi mahakamani wasikie mtoto wao alichukuliwa wapi, na nani alimwona, na kwa nini hakuna aliyemzuia. Na hapa kwetu, mkimtaja mtu siye, mtakuja kunikuta mlangoni mochari mkimtafuta yeye.

Nimalizie kwa mwenzenu, maana ananitia hofu kuliko muuaji. Amekonda. Usiku mzima yuko na muguka shavuni na thermosi ya kahawa, mchana halali, anasema akilala huyo mtu atatoka. Mkewe amerudi kwao. Aliniambia anawaona wale waliokufa wakivuka barabara. Sikumcheka, kazi yangu nami inaniletea wageni usiku, ila mimi nina wenzangu wa kuosha nao, na mwiko wetu ni kwamba hakuna anayeosha peke yake. Yeye yuko peke yake kabisa, na nyinyi mnamsifu kwa hilo. Mnamwita simba. Acheni. Mtu asiyelala siku nyingi huona sura ya muuaji kwa kila dereva wa tuktuk, na akifika kizimbani wakili atamuuliza swali moja tu: usiku huo ulikuwa umelala lini?

Mpokonyeni zamu. Wawili wakae na foleni ya methadoni, mmoja Kongowea, mmoja aandike safi yote yanayoletwa, tarehe na saa. Yeye apelekwe kwao, alale, na aonane na daktari wa akili. Pale hospitali kuu wapo na si aibu kuwaendea. Akikataa kuja nanyi, niiteni, nitakwenda kumgongea mlango mwenyewe. Daftari lake asilichome kwa hasira. Lifungwe kwenye bahasha, litiwe saini na wawili, likabidhiwe afisa wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na mwandikiwe kuwa limepokewa. Kama yule mtu wa tuktuk ana la kujibu, litakuwa humo.

Alhamisi baada ya isha nitakuwa barazani Majengo. Njooni na majina mliyoyapata, hata kama ni mawili. Hilo la kwanza nimeshaulizia mimi: yule teja wa Mwembe Tayari wenzake wanasema alikuwa fundi cherehani, na dada yake yuko Ukunda. Anayejua njia ya kumpata dada huyo aje kabla ya wengine.

Mzee wenu wa kuosha, Majengo