Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi Mpya za Mtunzi Wetu na Onyesho Lililoahirishwa

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka na kueleza chama kimefanya nini. Yale mnayoyajua nitayapita haraka. Mazoezi ya kila wiki yaliendelea, darasa la kusoma noti lilifanyika, stendi mpya za noti zimepatikana, na onyesho dogo la wanafunzi lilikwenda salama. Kumbukumbu anazo Katibu. Mwenye kutaka undani amwone yeye.

Nije kwenye kazi mpya, maana ndizo zilizojaza mwaka wetu na ndizo zilizoleta maneno.

Mtunzi wetu mwalikwa alitukabidhi kazi mbili. Moja ni ya kwaya bila ala, sauti nne za kawaida, kila moja ikigawanywa mbili, hadi kuwa nane. Nyingine ni ya ala 15 za nyuzi na piano iliyotiwa skrubu kati ya nyuzi zake, ya dakika 14 hivi. Kumbukumbu za vikao zinasema kazi hizi ziliombwa na “kamati”. Sina ugomvi na neno hilo, ingawa barua zote za maombi, tangu ya kwanza, zina sahihi ya mwenyekiti.

Kazi ya kwaya imeshaimbwa na ikapokelewa vizuri. Sauti za tenor ya pili, yaani za wanaume wa sauti ya juu, zilishuka kidogo kuelekea mwisho, jambo la kawaida kwaya inapoimba bila ala na noti ndefu zikawa nyingi. Kazi ya nyuzi ndiyo iliyopaswa kusikika kwa mara ya kwanza pamoja na kazi mbili za Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia: Cantus in Memoriam Benjamin Britten na Fratres, zote za 1977. Onyesho hilo kamati ililiahirisha. Tangu siku ile nimesikia kwamba uongozi uliogopa, kwamba mtunzi alidharauliwa, na kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Kwanza, kazi yenyewe ilivyojengwa. Katika muziki wa zamani tuliouzoea, fidla nane hupiga mstari mmoja. Asipokuja mmoja, saba wanabaki na msikilizaji hatambui kitu. Hapa kila mpiga nyuzi ana mstari wake: fidla 4 za kwanza, 4 za pili, viola 3, chelo 3 na kontrabasi 1. Mtindo huu si ajabu ya mtunzi wetu. György Ligeti aliugawa upande wote wa nyuzi katika Atmosphères ya 1961, mistari 56, na Krzysztof Penderecki aliandikia nyuzi 52 wimbo wake wa maombolezo ya Hiroshima. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na watu wengi, sisi tuna 15. Akikosekana mmoja, noti nzima inatoweka, na hakuna wa kuishika.

Tena noti zenyewe si zile za piano. Mtunzi ameanza na E ya chini kabisa ya kontrabasi, akazigawia ala nyingine sauti zinazozaliwa ndani ya noti hiyo, zinazohesabiwa kwenda juu, noti yenyewe ikiwa ya kwanza. Ndiyo njia aliyoipita Gérard Grisey katika Partiels ya 1975, kazi ya wapigaji 18 iliyotokana na E ya chini ya tromboni. Tukihesabu kila nusu toni, yaani hatua ya kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata, kuwa senti 100, sauti ya tano, yaani G#, inakaa senti 14 chini ya ile ya piano. Ya saba, D, iko chini kwa senti 31. Ya kumi na moja, karibu na A#, iko chini kwa senti 49, na hiyo ni karibu robo toni kamili.

Hapa ndipo viola walipokwama. D wanayotakiwa kupiga ina mitetemo kama 288.4 kwa sekunde, nao wana uzi mtupu wa D, yaani unaopigwa bila kushikwa kwa kidole, wenye mitetemo karibu 293.7. Mkono unakimbilia uzi mtupu kwa mazoea, na tofauti hiyo ya mitetemo kama mitano inasikika kama sauti inayotikisika mara tano kila sekunde. Dawa ni kuuacha uzi wa D, noti itafutwe kwenye uzi wa G, kidole kirudi nyuma kidogo kidogo hadi mtikisiko uishe. Fidla wana shida ya namna hiyohiyo kwenye sauti ya kumi na moja: juu ya uzi wa A kidole kinabanwa kwenye kichwa cha shingo na hakina pa kujirekebisha, kwa hiyo waipige kwenye uzi wa D, mkono ukiwa juu zaidi.

Utaratibu wa kuijenga kodi hiyo, yaani noti hizo zinazolia pamoja, kiongozi wa okestra aliueleza na ukabandikwa ubaoni. Kontrabasi anashika E. Chelo wa kwanza anaongeza B na kuitengeneza mpaka itulie. Kisha G#, kisha D ya viola, mwisho fidla. Mwenye shaka na D yake amwombe mpiga kontrabasi auguse uzi wa E, bila kuukandamiza, kwenye sehemu ya saba ya urefu wake. Sauti itakayotoka ni ileile. Ngazi hii haifanyiki kwa kuruka kidato. Viola wa pili asipokuwepo, fidla wanajenga juu ya shimo, na wiki inayofuata yeye anakuja kujifunza upya huku wenzake wakimngojea.

Jambo la pili ni karatasi za wapigaji. Zilitufikia zikiwa na makosa, na nasema wazi kwamba nyingi zilitokana na uchapaji. Faili lilifunguliwa kwenye kompyuta isiyokuwa na herufi za muziki alizotumia mtunzi, basi vile vishale vinavyoonyesha noti ishushwe kiasi gani havikutoka kabisa. Noti zikaonekana za kawaida. Zilichapwa pia kwenye karatasi ya A4, mistari mitano ya noti ikabanwa hadi kimo cha milimita 5, wakati karatasi ya mpigaji inataka kama milimita 7 ili isomeke kwa umbali wa stendi. Sehemu nne zilikuwa na mgeuzo wa ukurasa katikati ya noti zinazokimbia, mikono yote ikiwa kazini.

Kosa baya kuliko yote lilikuwa la viola wa pili: pumziko la vipimo 9 (visehemu vya mapigo ambavyo muziki hugawanywa) liliandikwa 8. Kuanzia hapo alikuwa kipimo kimoja mbele ya wenzake hadi mwisho. Katika wimbo wa kawaida sikio lingemshtua mara moja. Katika muziki huu, ambapo sauti zinagongana kwa makusudi, aliendelea kwa amani na hakuna aliyegundua mpaka kiongozi alipohesabu kwa sauti kubwa. Ndiyo sababu kamati iliagiza karatasi zote zisomwe upya dhidi ya nakala ya kiongozi, mtu mmoja akisoma na mwingine akifuata, na baada ya kila pumziko refu ziongezwe noti ndogo za ala jirani ili mpigaji ajue aingie wapi. Faili sasa linatumwa likiwa PDF yenye herufi zake ndani. Kazi hiyo ilichukua muda, na muda huo umehesabiwa katika lawama ninazobebeshwa.

La tatu ni piano. Wapo waliosema skrubu ni mbwembwe na tungepiga bila hizo. Bila skrubu kazi inaharibika, kwa sababu piano iliyotyuniwa kawaida ingepiga D yake ya juu dhidi ya D iliyoshushwa ya viola na kila kitu kingechafuka. Skrubu zinaifanya noti kuwa mlio wa ngoma na chuma usio na kimo dhahiri, na hapo ugomvi unakwisha. John Cage alitia vitu kwenye noti 45 katika Sonatas and Interludes za 1946 hadi 1948, na Pärt mwenyewe ana piano ya namna hiyo katika Tabula Rasa. Kwetu ni noti 22 tu.

Mwenye ukumbi alikataa piano yake isiguswe. Ana haki, kwa sababu kazi hii ikifanywa ovyo inaumiza chombo. Piano inatyuniwa kwanza. Pedali ya kulia inakanyagwa na kushikiliwa ili vizuia sauti viinuke na nyuzi zibaki huru. Nyuzi mbili zinatanuliwa taratibu kwa kabari ya mbao au plastiki, skrubu inaingizwa kati yake kwa umbali ulioandikwa kutoka kwenye kizuia sauti, kisha kabari inatolewa. Skrubu haizungushwi kama inayoingia kwenye mbao. Nyembamba mno inalegea na kuzomea, au inadondoka juu ya ubao wa sauti. Nene mno inazisukuma nyuzi hadi tyuni inapotea. Nyuzi za chini zilizovikwa shaba hazitiwi kabisa skrubu yenye meno makali, kipande cha raba kinatosha. Na vipimo vya umbali vinafuata urefu wa piano: ukihamia piano fupi zaidi, nukta ileile ya uzi haiko tena pale, na noti inatoka nyingine. Pendekezo la kutumia piano ya kusimama halikuwa na msingi, nyuzi zake zimesimama wima na skrubu zingeweza kuanguka.

Wengine wakasema, basi tungepiga Cantus peke yake, si ni ngazi ya A-ndogo inayoshuka tu? Ni kweli inashuka tu. Inashuka kwa mwendo wa aina tano kwa wakati mmoja. Fidla za kwanza zinaanza, fidla za pili zinafuata okteva moja chini (noti zenye majina yaleyale, ngazi nzima chini) kwa nusu ya mwendo huo, viola tena nusu, chelo tena nusu, hadi kontrabasi anayekwenda mara 16 polepole kuliko fidla za kwanza. Hakuna anayeweza kumtegemea jirani ili ajue yuko wapi. Fidla hukimbia sauti inapopanda nguvu, chelo hupoteza hesabu ndani ya noti ndefu, na kwa kuwa muziki unaendelea kupendeza, kosa halionekani hadi mwisho ambapo sehemu moja inafika kabla ya wakati wake. Upinde nao unahitaji makubaliano: wanaoshiriki stendi wasigeuze upinde kwa pamoja, sauti itakatika. Kengele inayopigwa katika kazi hiyo lazima iwe ya A na iachwe ilie hadi iishe. Pigo lake la mwisho ni laini na linafichwa chini ya nyuzi, ili nyuzi zikinyamaza kengele ibaki yenyewe. Kinanda cha umeme kilichopendekezwa badala ya kengele kinaukata mlio huo katikati, na pale ndipo kazi nzima ilipokuwa inaelekea.

Nimeeleza yote haya ili ieleweke kwamba kuahirisha hakukuwa woga. Kazi inayosikika kwa mara ya kwanza haipati mara ya kwanza nyingine. Mtunzi alijulishwa kabla ya tangazo kutoka, na aliafiki kwa maandishi. Barua ipo.

Sasa mahudhurio, na hapa nitasema bila kupaka rangi. Mkutano wa nusu mwaka haukufikisha akidi. Mazoezi ya sehemu ya viola yalifanyika zaidi ya mara moja na mpigaji mmoja. Wapo waliofika saa ya chai wakaondoka kabla ya kodi ya pili. Nashukuru kundi dogo la chelo, ambalo halikukosa, na ambalo, cha kushangaza, halimo katika wanaolalamika.

Ada. Tuko wanachama 58. Waliolipa kamili ni 21, waliolipa nusu ni 9, na 28 hawajalipa chochote, wakiwemo baadhi ya waliozungumza kwa ukali zaidi kuhusu matumizi ya fedha za chama. Pärt alizaliwa 1935 na yuko hai. Kazi zake zinalindwa, na zitaendelea kulindwa kwa miaka isiyopungua 50 baada ya mtunzi kufariki, katika nchi nyingi 70. Kwa hiyo tunalipa mara mbili: kukodi karatasi, na ruhusa ya kupiga mbele ya watu. Malipo hayo ni tofauti, moja halilipii jingine. Tarehe ikisogea, muda wa kukodi unasogea na gharama inaongezeka. Hilo limetokea, na sikulificha kwenye hesabu za Mhazini. Pendekezo la kutoa fotokopi kutoka kwa kikundi kingine nililikataa kikaoni na nitalikataa tena.

Kuhusu mbele, matumaini ni mazuri. Tunategemea onyesho lifanyike msimu ujao, mara piano itakapopatikana na watu 15 watakapokaa kwenye viti 15. Mtunzi ameonyesha nia ya kuandika kazi ya tatu, huenda ya ala za upepo, na kuna mawazo ya kurekodi. Tarehe zitatangazwa wakati ukifika.

Mwisho, karatasi zilizokodiwa zirudishwe kwa mtunza nakala kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama hujamaliza kuzifanyia mazoezi. Alama zote zifutwe, na zinafutika kama zilikuwa za penseli. Aliyetumia kalamu ya wino kwenye Fratres, sehemu ya chelo ya pili, ajitokeze mwenyewe, kwa kuwa nakala hiyo tutailipia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti