Kompyuta isubiri ruhusa ya mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenzangu wanaotumia kompyuta kwa bando la simu. Nina duka la steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya. Wiki iliyopita, kijana akiwa amesimama kaunta akisubiri barua yake ya kuomba kazi, mashine ilijizima na kujiwasha yenyewe, ikaandika asilimia 30 na kuganda hapo karibu saa nzima; na bando nililonunua asubuhi lilikuwa limekwisha, kwa kuwa masasisho, yaani maboresho ya programu za kompyuta yanayoletwa kwa intaneti (updates), yalikuwa yameshushwa kimyakimya kupitia simu yangu. Kijana aliondoka bila barua, na hilo limeniuma kuliko fedha.

Masasisho ni ya lazima, maana ndiyo yanayoziba mianya ya kiusalama, na anayeyafunga moja kwa moja anawaachia wezi mlango wazi. Hata hivyo, mwenye mashine ana haki ya kuchagua saa na mtandao. Katika kompyuta zenye mfumo wa Windows 10 na 11, kwa mfano, ukiingia kwenye mipangilio ukautambulisha mtandao wa simu yako kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, masasisho mengi hayatashuka. Vilevile unaweza kuyasimamisha hadi siku 35, na kuweka saa za kazi ambazo mashine haitajiwasha upya. Wateja wangu wengi hawajawahi kuiona mipangilio hiyo. Watengenezaji wa mifumo wamuulize mwenye mashine anataka masasisho saa ngapi na kwa mtandao upi, siku ya kwanza kompyuta inapowashwa, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya kushusha chochote.

Mwenye duka la steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya