Harusi iwe na sura ya maharusi bila kuwachosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu mtindo unaozidi kushika kasi wa maharusi kujitengenezea karibu kila kitu cha siku yao, kuanzia kadi za mwaliko hadi mapambo ya meza, kwa imani kwamba kisichotoka mikononi mwao hakiwezi kubeba sura yao. Nia yenyewe naiheshimu, kwani hakuna apendaye sherehe inayofanana kwa kila hali na ile iliyofanyika juma lililopita katika ukumbi uleule. Ninachokipinga ni dhana kwamba kitu hakiwi cha mtu mpaka akitengeneze mwenyewe.

Malkia Victoria wa Uingereza alipofunga ndoa na Albert mwezi Februari 1840, alichagua gauni jeupe katika zama ambazo mabibi harusi wengi walivaa rangi mbalimbali, na akaagiza lesi yake ifumwe na mafundi wa Devon, ambao kazi yao ilikuwa imedorora. Hakuifuma yeye. Hata hivyo uamuzi wake ulivuma kiasi kwamba leo wapo wanaodhani gauni jeupe ni sharti la tangu enzi na enzi.

Tufanye hesabu ndogo. Kuandika kwa mkono jina la mgeni kwenye kadi ya mezani, kusubiri wino ukauke na kuikunja kadi bila kuichafua kunaweza kuchukua dakika 3. Wageni wakiwa 200, hizo ni saa 10 kamili, kabla ya kuhesabu kadi zilizoharibika na majina yanayobadilika dakika za mwisho. Na hiyo ni kazi nyepesi, maana kadi huweza kukaa sandukuni mwezi mzima. Maua mabichi hayasubiri: yakishakatwa hupunguzwa vikonyo, huondolewa majani ya chini na kuachwa yanywe maji kwa saa kadhaa mahali pa baridi, kisha hupangwa siku moja au mbili tu kabla ya sherehe, yaani wakati uleule ambao bibi harusi anapokea wageni wa mbali na kujibu simu zisizokwisha. Kwa maoni yangu, chochote kinachonyauka, kinachochacha au kinachoyeyuka kiachiwe fundi. Maharusi wakitaka kushika mkasi na gundi, wachague kazi moja wanayoipenda kwa dhati, inayoweza kukamilika mapema. Wala wasijidanganye kwamba siku zote wataokoa fedha, kwani vifaa vinavyonunuliwa kwa matumizi ya mara moja, pamoja na malighafi inayoharibika wakati wa kujifunza, huweza kuzidi malipo ya fundi.

Yanayoipa harusi sura ya wenyewe mara nyingi hayadai jasho. Kipande cha kitambaa cha gauni la mama kikizungushwa kwenye vikonyo vya shada la bibi harusi ni kazi ya dakika chache, na mama atakitambua kabla hajaambiwa. Zaidi ya yote, maharusi wakae na mshereheshaji mapema, wamweleze walivyokutana, ni mzee gani angependa kutambuliwa kwa jina lake kamili, na ni utani upi usithubutu kutamkwa. Mshereheshaji asiyejua lolote hurudia vichekesho alivyotumia kwingine, na hapo hata meza iliyopambwa kwa usiku kumi haiwezi kuwaokoa. Vivyo hivyo nyimbo: orodha fupi akabidhiwe mpiga muziki, pamoja na nyingine ya zile zisizotakiwa kabisa, ambayo wengi huisahau.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zenu za mitindo zinapoonyesha mapambo ya kujitengenezea, zitaje pia saa zilizotumika, idadi ya mikono iliyosaidia, na ni siku ngapi kabla ya harusi kazi hiyo lazima ifanyike.

Msomaji wenu