Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Maji ya Nakivubo na Homoni Zetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu hapa Kampala. Tunashukuru kwamba umeacha shughuli zako ukaja kuketi nasi.

Mheshimiwa, klabu yetu ilianza kwa kuokota kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa mitaroni. Kazi hiyo inaendelea, ila mwaka huu tumejifunza juu ya uchafu usiookoteka: kemikali zinazovuruga homoni. Homoni ndizo huuambia mwili ukue lini na ubalehe lini, na ndizo huuwezesha kuzaa. Kemikali hizi huingia mwilini zikapokewa kana kwamba ni homoni yenyewe, au huzuia homoni halisi isifanye kazi yake. Zimo katika baadhi ya plastiki, sabuni, vipodozi na viuadudu. DDT, iliyopulizwa majumbani katika wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008 kupambana na malaria, ni mojawapo. Homoni za vidonge vya uzazi wa mpango nazo hutoka na mkojo. Hatusemi kina mama waache vidonge vyao. Hata mkojo wa mtu asiyetumia dawa yoyote una homoni. Tunachouliza ni maji hayo yanakwenda wapi.

Ukisimama darajani kwenye mfereji wa Nakivubo utaona povu la sabuni likipita, nyuma yake utando wa mafuta ya gereji. Maji hayo hupita kwenye kinamasi, ambako mafunjo mengi yamefyekwa ili kulima majimbi, kisha huingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Ni ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba inamovuta maji ya kunywa ya jiji. Uchafu wake ni mojawapo ya sababu za kujengwa mtambo mwingine mbali, kule Katosi, Mukono.

Wapo wanaotuambia kwamba mtambo wa majitaka wa Bugolobi umemaliza tatizo. Mtambo huo ni msaada mkubwa, lakini mitambo ya aina hiyo hujengwa ili kuondoa kinyesi na vijidudu; homoni huzipunguza tu. Isitoshe, nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na bomba la majitaka.

Na kiasi kidogo mno chatosha kudhuru. Kati ya 2001 na 2003, watafiti nchini Kanada walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo huko Ontario, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani. Uingereza nako, samaki dume wa mito inayopokea maji ya mitambo ya majitaka walikutwa na mayai ndani ya korodani. Sisi tunaokula mukene (dagaa) na sangara hatuwezi kusikia hayo tukanyamaza. Kinachotutia moyo ni kwamba kule Kanada, homoni ilipokoma kutiwa, samaki walirudi baada ya miaka michache.

Mheshimiwa, tunaomba utufikishie sauti kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Shirika la Taifa la Maji: kemikali hizi zipimwe mara kwa mara, na matokeo yatangazwe redioni kwa lugha ambazo wananchi wanazielewa. Tunajua vipimo ni ghali. Vianze basi mahali pawili, pale mfereji unapoingia ghubani na pale Ggaba. Maduka ya dawa nayo yapokee dawa zilizokwisha muda, maana leo nyingi huishia chooni. Mafunjo yaliyobaki yasiguswe.

Kwa klabu yetu tunaomba chupa za vioo za kuchukulia sampuli, kwani za plastiki zinaweza kuchanganya kemikali zake na maji tunayopima; pia sanduku la barafu, na barua yako ya kututambulisha kwa maabara ya chuo kikuu itakayokubali kupokea sampuli hizo.

Tunaomba kuwasilisha.