Tanzia za wanariadha zihesabiwe vizuri

Kwa Mhariri,

Tanzia ya mwanariadha ndiyo habari ambayo jamaa zake huikata na kuihifadhi miaka na miaka. Ndiyo maana inatuuma kuona makosa yale yale yakirudiwa.

La kwanza ni umri. Mwandishi huchukua mwaka wa kufa, akatoa mwaka wa kuzaliwa, basi. Samuel Wanjiru alizaliwa 10 Novemba 1986, akafariki 15 Mei 2011. Hesabu hiyo inakupa 25, naye alikuwa na 24. Agnes Tirop, mzaliwa wa 23 Oktoba 1995, aliuawa 13 Oktoba 2021, siku kumi kabla hajatimiza 26. Kelvin Kiptum alizaliwa 2 Desemba 1999, akafa 11 Februari 2024. Naye alikuwa na 24, si 25. Wote watatu walizaliwa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo hesabu ya haraka inawakosea wote. Angalieni mwezi na siku kwanza: kama siku ya kuzaliwa ilikuwa haijafika, punguzeni mwaka mmoja. Na mkikuta 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee, huenda iliandikwa tu kwa kuwa siku yake haikujulikana; ulizeni tena nyumbani kwao.

La pili ni tarehe, na hapa Lamu linatatiza zaidi. Kiptum alipata ajali karibu na Kaptagat Jumapili, mnamo saa 5 usiku. Kwa hesabu ya wazee wetu, jua likishatua siku imegeuka, kwa hivyo usiku ule ni wa Jumatatu. Msiba ukitokea hapa kwa saa kama hiyo, jamaa atakwambia "usiku wa Jumatatu" na atakuwa amesema kweli, lakini kalenda ya gazeti inasema Jumapili. Mwandishi aulize ilikuwa saa ngapi na kulipokucha ilikuwa siku gani, kisha alinganishe na kibali cha mazishi. Siku ya kuzika nayo isiwe ushahidi. Aliyefariki hapa baada ya Isha huzikwa kesho yake, na Kiptum alizikwa 23 Februari. Ajali pia isichanganywe na kifo: mwanasiasa Ronald Ngala alifariki 25 Desemba 1972, siku kadhaa baada ya gari lake kupata ajali.

Rekodi zinahitaji maneno kamili. Dakika 30 na sekunde 1 za Tirop, Septemba 2021, zilikuwa rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Wanawake wakikimbia pamoja na wanaume, rekodi wakati huo ilikuwa 29:43 ya Joyciline Jepkosgei. Ukiacha maneno "wanawake peke yao", umeandika uongo bila kukusudia. Kiptum alikimbia marathon kwa 2:00:35 Chicago, sekunde 34 chini ya 2:01:09 ya Eliud Kipchoge. Ile 1:59:40 ya Kipchoge kule Vienna haikuwa rekodi rasmi, isitumiwe kumlinganisha marehemu.

Sababu ya kifo isiandikwe kwa kukisia. Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Aliangukaje, polisi na familia hawakuafikiana. Ukiandika "alijiua", umeamua kesi.

Lakini linalotusumbua zaidi ni watu wetu wenyewe. Mshindi wa mashindano ya mashua hutajwa kwa jina la chombo. Nahodha na mabaharia wake hawaandikwi. Mbio za punda ni hivyo hivyo, kijana anapigwa picha na jina halipo. Akija kufa, hakuna pa kuanzia. Tunaomba mwandishi wenu aandike siku ile ile ya mashindano: majina matatu ya nahodha na lakabu yake, chombo, mtaa na mwaka.

Na kosa likitokea, sahihisho litoke ukurasa ule ule, na habari iliyo mtandaoni irekebishwe pia, kwa kuwa ndiyo itakayonakiliwa na wengine.

Wasomaji wenu,
Mkomani, Lamu