Taarifa ya mwenyekiti: mwaka tuliokaa na dawa ya mseto

Wanachama wenzangu habari za siku nyingi. Mambo ya hela namwachia mhazini, mi naongeza tu kwamba ada zinasuasua na wahusika mnajijua.

Mwaka huu kamati iliamua tusirukeruke, tukakaa na dawa moja, mseto, ile ALu (artemetha na lumefantrini kwenye kidonge kimoja) iliyoingia kwenye mwongozo wetu wa Tanzania wa matibabu ya malaria 2006 baada ya SP, dawa ya zamani, kuanza kugoma. Sababu ni kwamba chama kilikuwa kinageuka vyama vitatu, watu wa baiolojia kona yao, madaktari na wafamasia kona yao, na sisi wa kemia ogania na michoro yetu ya pete za kaboni ambayo wengine mkiiona mnasinzia. Kemia bayoogania, yaani kemia ya molekuli za kaboni ndani ya viumbe hai, ndo sehemu ambayo hao wote lazima waongee, na mseto karibu kila mtu humu keshaumeza.

Kikao kilichonoga kuliko vyote ni kile cha Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyeipata artemisinini, dawa mama ya artemetha. Kule China walikuwa wanachemsha majani ya pakanga, mmea wenye hiyo dawa, matokeo leo yapo kesho hayapo, mpaka aliposoma maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 yanayosema loweka kwenye maji kisha kamua, hayasemi chemsha. Akahisi moto ndo unaua dawa, 1971 akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi tu, na panya wakapona. Nobeli ikaja 2015.

Sasa dawa yenyewe inafanyaje kazi? Ndani ya artemisinini kuna oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kifungo dhaifu kweli. Ila udhaifu huohuo ndo silaha, maana kimelea kinakula himoglobini yetu na kuachia hemu yenye madini ya chuma, chuma kinavunja kile kifungo, vinatoka vipande vikali vinavyoshambulia protini za kimelea chenyewe yaani kinajilipua na chakula chake. Wanakemia wakabadilisha upande mwingine wa molekuli bila kugusa zile oksijeni wakapata artemetha, inayeyuka vizuri kwenye mafuta. Haikai mwilini, masaa machache imeisha, ndo maana kwenye kidonge kuna miligramu 20 zake na 120 za lumefantrini inayobaki siku kadhaa kumalizia, na hiyo lumefantrini bila chakula chenye mafuta hainyonywi vizuri, kwa hiyo nesi akikwambia kunywa na maziwa hakusumbui.

Ya hamira tulipita haraka. Timu ya Jay Keasling Marekani iliifundisha hamira kutengeneza asidi ya artemisiniki, malighafi ya artemisinini, gramu 25 kwa lita, wanakemia wakamalizia kwa mwanga na oksijeni, lakini bei ya mmea ikashuka na hamira ikakosa soko. Mi naona wakulima walistahili.

Mjadala wa chai ya pakanga ulichafua hali ya hewa kwenye grupu, msimamo wa kamati ni uleule wa WHO, chai siyo dawa ya malaria, dozi haieleweki na inaweza kulea usugu. Usugu wenyewe tayari upo, mabadiliko ya kelch13, jeni ya kimelea inayohusishwa na usugu wa artemisinini, yameonekana Rwanda, Uganda na kwetu Kagera.

Kwa hiyo mwakani mada ni usugu, wa baiolojia mtaanza, na anayetaka kugombea ukatibu ampe jina katibu wa sasa kabla ya mkutano mkuu, ada iwe imelipwa.