Kabla hujasugua nusu dola yako ya Bridgeport

Swali tunaloulizwa sana na wateja wenye sarafu hii ni moja: mbona mmeikadiria chini, na mimi nimeisafisha vizuri? Ni hapo hapo kwenye kuisafisha ndipo bei ilipopotelea.

Nusu dola hiyo ilipigwa Philadelphia mwaka 1936 kuadhimisha miaka 100 tangu Bridgeport, jimboni Connecticut, Marekani, ipewe hadhi ya jiji. Zilitoka zaidi kidogo ya 25,000, zikauzwa dola 2 kila moja ingawa thamani yake rasmi ni senti 50. Upande mmoja yupo P.T. Barnum, yule bwana wa sarakasi, ambaye pia aliwahi kuwa meya wa Bridgeport. Wa pili una tai wa mchongaji Henry Kreis, mwenye mistari iliyonyooka kama amekatwa kwa rula. Geuza sarafu juu chini utaona samaki papa! Wapo wanaomcheka tai huyo, sisi tunampenda.

Ila mchoro huo hausamehe kitambaa. Kreis aliacha sehemu pana zilizo tupu, kwa hiyo hata mchubuko mwembamba unaonekana mara tu mwanga unapopita. Shavu la Barnum ndilo huanza kulika. Halafu ule weusi unaokukera si uchafu: ni madini ya fedha yaliyokutana na salfa ya hewani. Dawa ya kung'arishia huuondoa pamoja na tabaka la juu la madini, na ndilo lililobeba mng'ao wa siku sarafu ilipopigwa. Ukishatoka haurudi. Kuna wanunuzi wanaoongeza bei kwa weusi wenye kivuli cha samawati na dhahabu.

Sisi tunaipima uzito (gramu 12.5) na upana (milimita 30.6), kisha tunaikagua kwa lenzi. Kitu kimoja tu tunakiondoa: ute wa kijani unaotokana na mifuko ya plastiki laini, kwa sababu ukiachwa unakula sarafu. Tunatumia asetoni safi, bila kusugua.

Ilete ukiwa umeishika ukingoni. Kama umeshaisugua, ilete hivyo hivyo. Bado tutaipokea, kwani asilimia 90 yake ni fedha. Usijaribu tu kuirudishia weusi kwa kemikali. Rangi ya kubandika tunaitambua, na inashusha bei mara ya pili.